Jina la Mfadhili Halitoshi

Katika kazi yangu ya kusimamia ruzuku za utafiti hapa Kampala, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni nani anayetulipa. Ni swali la haki, lakini jibu lake kwa kawaida huwa ni nembo zilizopangwa kwenye jalada la nyuma la ripoti, zisizosema mfadhili alitoa kiasi gani, kwa kazi ipi, wala kwa masharti gani.

Fedha za nje si ngeni kwetu. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 na Wakfu wa Rockefeller ili kuchunguza homa ya manjano, na sijasikia mtu akikitilia shaka kirusi cha Zika, kilichogunduliwa huko mwaka 1947, kwa sababu ya fedha hizo. Kinachotia doa ni mkono wa mfadhili usioonekana. Mwaka 1967 watafiti wa Harvard waliandika mapitio ya tafiti yaliyoyabebesha mafuta lawama za ugonjwa wa moyo na kuipunguzia sukari mzigo huo, bila kueleza kwamba walilipwa na taasisi ya wafanyabiashara wa sukari, ambayo pia ilisoma rasimu. Siri hiyo ilitangazwa mwaka 2016.

Ndiyo maana mkataba ukifika mezani kwangu, natangulia kusoma kifungu cha uchapishaji, ndipo nirudi kwenye bajeti. Wakati mmoja nililetewa mkataba uliomtaka mtafiti mkuu apeleke rasimu kwa mfadhili siku 60 kabla ya kuchapisha, jambo ambalo si la ajabu. Ila sentensi iliyofuata ilisema kwamba uchapishaji utafanyika "baada ya idhini" ya mfadhili. Tulivutana kwa wiki tatu, hadi "idhini" ikageuzwa kuwa "maoni" na siku zikashuka hadi 30, huku mtafiti mwenyewe akininunia kwa kuchelewesha gari la kwenda Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Uwezo wa kuvutana hivyo hutegemea akiba. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kwa miaka mingi zimezilipa taasisi za nje asilimia 8 tu ya gharama za mradi wenyewe kwa ajili ya uendeshaji wa taasisi, na kwa kiasi hicho ni vigumu kuwalipa wahasibu na mwanasheria, sembuse kukataa mkataba mbaya. Fedha ambazo serikali imekuwa ikikipa Chuo Kikuu cha Makerere kwa ajili ya utafiti tangu mwaka 2019 zimeleta nafuu, ingawa serikali nayo ni mfadhili na masharti yake yastahili kusomwa kwa jicho lile lile.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Uganda ya mwaka 2005 inahusu vyombo vya umma, hivyo taasisi binafsi hazibanwi nayo kuonyesha mikataba yao; kuianika ni uamuzi wetu wenyewe. Wenzangu wanahofu kwamba tukianika mikataba, washindani watajua viwango vyetu vya malipo. Nakubali mishahara ifichwe. Kifungu kinachosema nani ana neno la mwisho juu ya matokeo sioni kinafichwa kwa faida ya nani.