Je, wajua kwa nini koki kuukuu inavuja hata ukiikaza mpaka mwisho?

Koki ya bafuni ikianza kudondosha watu wanaikaza, kesho inadondosha tena wanaikaza zaidi, mpaka inafika mahali watoto hawawezi kuifungua na bado tone linaanguka. Wanaamini imelegea. Haijalegea, na huko kukaza kwa nguvu ndo kunaimaliza kabisa.

Koki hizi za kuzungusha, ambazo kiwanda cha Guest and Chrimes cha Rotherham, Uingereza, kilianza kuzitengeneza mwaka 1845, ndani zina skrubu inayoshuka ukizungusha kichwa, chini ya skrubu kuna washa ya mpira, na washa inakalia tundu la shaba lenye ukingo mwembamba wa duara. Kinachozuia maji ni mpira kulala vizuri kwenye huo ukingo, basi. Chukua chupa tupu ya soda uzibe mdomo kwa kidole gumba: nyama ya kidole inajaa yenyewe, hata ukibonyeza kidogo hakipiti kitu. Sasa chupa hiyo iwe imemeguka mdomoni. Bonyeza utakavyo, kidole kitauma tu, pengo lipo pale pale.

Ndicho kinachotokea kwenye koki. Washa ya zamani inakuwa ngumu na ukiitoa utaona duara limechimbika, kwa hiyo kila ukikaza unaichimba zaidi. Na mdomo wa shaba nao unaharibika: maji yakirudi baada ya mgao yanakuja na mchanga na kutu, chembe ikibanwa kati ya mpira na shaba inaacha mkwaruzo, halafu maji yanapenya hapo kwa kasi siku baada ya siku na kuupanua. Hapo hata washa mpya haidumu, afadhali ubadilishe koki nzima. Ila kama inavujia shingoni, chini ya kichwa, tena ikiwa imefunguliwa tu, shida ni raba ya shingo, usitupe koki bado.

Usidharau tone. Moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na hata matone 20 yakijaza mililita 1 tu, hizo ni zaidi ya lita 4.

Kubadilisha sio kazi kubwa. Funga maji kwenye mita au kwenye tenki, fungua koki maji yaishe, kisha itoe ukutani kwa spana kinyume cha saa, taratibu, maana kama bomba la ukutani ni la chuma lililoliwa na kutu linaweza kukatikia ndani na hapo utavunja tailizi. Dukani nenda na koki ya zamani mkononi, usipime kwa rula, kwa sababu koki ya nusu inchi nyuzi zake, yaani ile mikato ya skrubu inayoingia ukutani, zina kipenyo cha karibu milimita 21, hiyo nusu inchi ilihesabiwa kwa tundu la ndani la bomba.

Safisha nyuzi za ukutani, kisha viringisha tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za koki mpya, kwa mwelekeo wa saa nyuzi zikiwa zinakutazama, ukiizungusha kinyume inajikunja na kutoka wakati unafunga. Fungulia maji kidogo kidogo, zungushia tishu kavu kwenye maungio uiache kama dakika kumi, ikilowa toa koki uongeze tepu.