Si Kila Mfupa Mkubwa ni wa Mwanamume

Wiki iliyopita nimeyasikia tena. Askari wa upelelezi kaingia na kiroba, katoa mfupa wa paja, kausimamisha sambamba na paja lake mwenyewe. "Daktari, huu mkubwa. Huyu ni mwanaume." Maneno hayo nimeambiwa na askari, na mawakili, na hata madaktari wenzangu wanaopaswa kujua zaidi. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Ni kweli kwamba ndani ya jamii moja mifupa ya wanaume, kwa wastani, ni mikubwa kuliko ya wanawake. Tatizo ni kwamba neno "wastani" halifiki mochwari. Mezani kwangu halali wastani, analala mtu mmoja. Wapo wanaume wafupi wenye mifupa myembamba, na wapo wanawake warefu waliolima na kubeba mizigo tangu wangali wasichana, mifupa yao ikawa minene na yenye matuta makali pale misuli inaposhika. Na katika vipimo vyote, urefu ndio unaodanganya zaidi. Upana wa ncha za mfupa, zile zinazoingia kwenye viungo, una maana kubwa kuliko urefu wake.

Basi mtu akishalijua hilo huchukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, akapima kichwa cha mfupa wa paja, ile ncha ya mviringo inayoingia kwenye nyonga, akafungua kitabu. Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linavaa joho la sayansi. Jedwali la mtafiti Stewart, lililotokana na mifupa ya Wamarekani, linasema chini ya milimita 42.5 ni mwanamke na zaidi ya 47.5 ni mwanamume. La mtafiti mwingine, Pearson, lililotokana na mifupa ya kale ya London, linaanza kuhesabu wanaume kwa uhakika pale 45.5. Chukua mfupa mmoja wa milimita 46. Kwa Pearson ni mwanamume, kwa Stewart hauna jibu. Mfupa ni uleule, kilichobadilika ni watu waliopimwa. Watafiti wa Afrika Kusini walilazimika kutafuta viwango vyao wenyewe, kwa kupima mifupa ya watu ambao jinsia zao zilijulikana, kama ile iliyohifadhiwa kwa jina la Raymond Dart kule Johannesburg na ile ya Pretoria. Sisi huku tunaokota namba za wenzetu na kuziandika kwenye ripoti ya mahakama kana kwamba zilipimwa kijijini kwetu.

Niliwahi kupokea jalada ambalo aliyenitangulia alikuwa amepima kichwa cha paja, akapata 42, akaandika "mwanamke". Familia iliyokuwa inamtafuta kijana wao ikaambiwa irudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye wachimbaji walirudi pale porini wakapata nyonga. Niliigeuza mkononi: pembe ya mbele chini ya kinena nyembamba, ule mkato wa nyuma umebana, ukingo wa chini wa kinena mnene na butu. Alikuwa mwanamume, na vinasaba vikathibitisha. Mama yake alikuwa ameshageuzwa mlangoni mara mbili.

Nyonga ndiyo inayosema, kwa sababu ya uzazi: ya mwanamke lazima impitishe mtoto, na tofauti hiyo ipo hata kwa mwanamke mdogo wa umbo. Mtafiti Phenice alionyesha mwaka 1969 kwamba alama tatu za mfupa wa kinena zinatosha, akapata jibu sahihi kwa karibu asilimia 96 ya mifupa aliyoichunguza. Anayetaka namba naye hajanyimwa. Tangu 2005 ipo njia ya Wafaransa inayotumia vipimo 10 vya mfupa wa nyonga, iliyojengwa juu ya watu zaidi ya 2,000 wa mabara mbalimbali, na vipimo vinne tu vinaweza kutosha. Ninaipenda kwa jambo moja: uwezekano usipofika asilimia 95, inakataa kutoa jibu.

Fuvu? Kila mtu huniletea fuvu akidhani kaniletea mtu kamili. Watafiti Spradley na Jantz walionyesha mwaka 2011 kwamba mifupa ya mwili inaweza kulishinda katika kutambua jinsia, na fuvu la bibi mzee mara nyingi hukomaa sura likasomeka kama la mwanamume.

Wapo pia wanaoniambia nihesabu mbavu, ati za mwanamume ni pungufu. Mwanamume hana ubavu pungufu. Wote tuna jozi 12, isipokuwa wachache wanaozaliwa na wa ziada au pungufu, wake kwa waume.

Vishimo vya nyuma ya kinena, ambavyo wengine hudhani huachwa na kujifungua, havihesabu watoto aliozaa mtu. Wakili asiniulize tena hilo kizimbani.

Mtoto ambaye hajabalehe, mifupa yake bado haijatofautika kiasi cha kutegemewa. Kule Shakahola, Kenya, ilikofukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia 2023, miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Kwa mtoto wa namna hiyo tegemeo ni vinasaba. Lakini navyo si dawa ya kila kitu. Mfupa ulioungua hadi ukawa mweupe kama chaki kwa kawaida hauna vinasaba vya kusomeka, na tena umesinyaa, kwa hiyo aliyekimbilia kuupima atamfanya mwanamume kuwa mwanamke.

Kwa hiyo mkienda kufukua, nendeni na chekeche. Mfupa wa kinena ni mwembamba, uko mbele, na ndio wa kwanza kuvunjwa na jembe. Karibu na nyonga wekeni jembe chini, tumieni mwiko mdogo wa mwashi na brashi. Udongo wa hapo uchekecheni wote. Vipande vifungeni kwa karatasi, peke yake, visichanganywe na mapaja kwenye kiroba. Hata kikiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nileteeni.