Haraka ndiyo inatumalizia huruma

Mtu akisikia mimi ni kasisi wa hospitali anadhani nashinda wodini na Biblia kwapani nikiamuru magonjwa yatoke. Kuomba naomba, mgonjwa akitaka. Lakini kazi yenyewe kubwa ni kukaa, na maswali ninayopigwa pale kitandani mengi hata hayataji Mungu: nani atamlipia kijana wangu karo, mbona ndugu yangu hajakanyaga hapa, na hii miaka yote nimefanya nini nayo. Hilo la mwisho naulizwa pia na watu wazima wazima ambao hata mafua hawana, ako na kazi Upper Hill, ako na gari, anapiga simu usiku ananiambia pasta naishi tu lakini sioni maana, nianzie wapi, nifunge siku tatu ama niende mafungo Limuru?

Mafungo ni mazuri, enda kama una likizo. Lakini wacha niseme vile naona. Si eti Nairobi haisali. Nairobi inasali bwana! Jumapili spika za makanisa zinashindana mpaka hujui unasikiza mahubiri ya nani, Ijumaa mchana msikiti wa Jamia pale Banda Street watu wanafurika, na misa ya mchana pale Holy Family utapata watu wa ofisi wameacha chakula wamekuja. Imani iko. Kile naona kimetuishia ni nafasi ya kumwona mtu.

Kuna utafiti wa zamani naupenda kuliko mahubiri mengi, ulitoka 1973, wa John Darley na Daniel Batson. Walichukua wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton kule Marekani, watu wanasomea uchungaji, wakawaambia waende jengo lingine wakatoe hotuba fupi. Wengine wakapewa mada ya Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama njiani kusaidia mtu aliyepigwa wakati wengine walimpita, wengine mada ya kazi ambazo mtu wa seminari anaweza kupata. Halafu wengine wakaambiwa umechelewa, kimbia, wengine wako sawa na saa, wengine wakaambiwa bado kuna muda kidogo lakini anza kwenda. Njiani kwenye mlango wakawekewa mtu amejikunja, kichwa chini, anakohoa na kugumia. Sasa sikia, kati ya wale wasiokuwa na haraka asilimia 63 walisimama kumsaidia, wale wa katikati 45, na wale wa kukimbia asilimia 10 peke yake. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana, yaani mtu ana Msamaria Mwema kichwani, anamrudia mdomoni, na anampita mgonjwa, kuna hata waliomruka.

Hao si watu wabaya. Ni sisi, saa moja asubuhi, unatoka Githurai, ulifaa kuwa umefika kazini na bado uko Roysambu kwa jamu, utamwona nani? Mama amekaa chini pale stendi na mtoto amelala vibaya, macho yako yamempita, roho yako iko kwa bosi.

Ndiyo sababu siku hizi nikifundisha mambo ya kiroho sianzi na hisia, naanza na breki. Ukiangalia vizuri dini zimejaa breki. Swala tano, umeacha duka, umeacha mteja, umetawadha. Sabato, hakuna kuuza wala kununua. Kwaresima na Ramadhani, tumbo lenyewe linakatiziwa mbio. Tumezoea kuona hayo yote ni deni la kumlipa Mungu, na sikatai, mimi ni kasisi, lakini naona pia faida yake huku chini, yanakuvuta kutoka kwenye haraka mara kwa mara mpaka unaanza kuona watu walio karibu nawe. Kama umeswali vizuri sana na bado hujui jina la askari wa geti anayekufungulia kila siku, basi breki zako zinalia lakini gari halisimami.

Njoo wodini saa za kuona wagonjwa uone vile hii kitu inafanyika. Watu saba wanaingia pamoja, wanasimama mwisho wa kitanda kama wako foleni ya Huduma Centre, mmoja anasema tuombe, maombi ya nguvu, sauti mpaka kitanda cha pili wanasema amina, wanaacha juisi na ndizi, wameenda. Dakika kumi. Mzee amebaki anaangalia zile ndizi, na daktari amemkataza sukari. Nikivuta kiti nikakaa ananiambia mahindi kule shambani yamekauka na hakuna wa kuvuna, na hakuna mtu amemuuliza. Tukapigia shemeji yake simu pale pale, mahindi yakapata mtu. Hiyo jioni nesi akaniambia mzee amekula.

Hapo ndipo watu huniambia hawana muda. Sawa, lakini kaa chini. Kuna utafiti wa hospitali moja Kansas, 2012, walilinganisha daktari akiongea na mgonjwa akiwa amesimama na akiwa amekaa, muda karibu ni ule ule, lakini yule akikaa wagonjwa waliona amekaa nao kwa muda mrefu zaidi na walifurahia zaidi. Kiti tu. Kiti kikikosekana omba nesi, watakuonyesha kimejificha wapi.

Cicely Saunders, yule alifungua hospisi ya St Christopher's London 1967, yaani mahali pa kutunza watu wanaokaribia kufa, na kabla awe daktari alikuwa nesi na pia mfanyakazi wa jamii, alifundisha kwamba mtu anayekufa anaumwa mwili, anaumwa moyo, anaumwa na mambo ya jamaa na pesa, na anaumwa roho, na yote ni uchungu mmoja. Nairobi Hospice pale karibu na hospitali ya Kenyatta wanatembea na wazo hilo tangu 1990. Yaani mahindi ya mzee ni mambo ya kiroho kabisa, usinibishie.

Neno moja juu ya M-Pesa. Tunachanga vizuri, grupu ya bili ikifunguliwa mtu anatuma mia tano, pole na emoji ya mikono, halafu saa mbili baadaye ameleft. Pesa inasaidia, kuna watu wametoka hospitali juu ya hizo mia tano, tusidharau. Ila wengine wetu tunalipa ili tusiende. Kama huwezi kuenda, piga simu, na usianze na Mungu ana sababu. Hiyo sentensi naomba ipumzike.

Na wewe ambaye uko ndani ya hii kazi kila siku, unalea mama mwenye stroki au mtoto asiyetembea, hizi habari za kusimama na kuona zinaweza kukuudhi juu umeona mpaka umechoka. Uko sawa. Tania Singer na Olga Klimecki, watafiti wa ubongo, walipata kwamba ukijifunza kubeba uchungu wa mwingine kama wako unazidi kuumia, lakini ukijizoesha kumtakia mema na kutaka kumsaidia bila kuzama naye, ubongo unatumia njia nyingine na hisia nzuri zinarudi. Kwa hivyo usilie na kila mtu. Na usibebe peke yako.

Jirani ya mtu kama huyo sasa, usimtumie mstari wa Zaburi saa kumi na moja asubuhi. Mwambie Jumamosi nitakuja nikae na mama kutoka saa nne mpaka saa tisa, uende saluni ama ulale. Uliza dawa ni saa ngapi na anageuzwa aje kitandani. Halafu ukuje kweli, na ukishikwa na jamu piga simu mapema.