Siku ya mmisionari kijana Dodoma, na mfuko wa suruali yake

Parokia ikishaambiwa kwamba inaletewa mmisionari kijana kutoka nje, simu yangu haipoi. Baba Paroko anauliza mgeni atakula nini. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanauliza kama godoro la inchi sita litatosha. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, ana wasiwasi na jua la Oktoba. Kazi yangu ndiyo hiyo: kuwapokea vijana hawa wakishuka Dodoma, kuwatafutia makazi, kuwapeleka Uhamiaji, na kuwa nao karibu mpaka wazijue njia. Nawajibu wote kwamba godoro litatosha, ugali atauzoea, na jua litamchoma kisha watapatana. Kitakachomsumbua tangu anaingia hadi anaondoka ni fedha. Wengi wao hawana kitu zaidi ya posho ndogo ya shirika, lakini kila anayekutana naye anaamini anazo.

Imani hiyo haikuota hewani. Wapasionisti, shirika la mapadre Wakatoliki, walipotoka Italia na kuanza kazi huku katikati ya nchi miaka ya 1930, na hata baada ya Dodoma kuwa jimbo mwaka 1953, mmisionari ndiye aliyekuwa na gari, dawa, saruji na bati. Kanisa alijenga yeye, shule alijenga yeye, kisima alichimbisha yeye. Upande wa Waanglikana ni hivyo hivyo, tena wao wana historia ndefu zaidi, maana CMS, shirika lao la wamisionari kutoka Uingereza, ilifika Mpwapwa miaka ya 1870. Bibi aliyetibiwa kwa dawa ya padre Mwitaliano amewasimulia wajukuu, na wajukuu ndio leo wanamwona kijana wa Poland au wa Vietnamu akishuka kwenye bajaji na begi lake. Wanachokiona si kijana wa miaka 24 ambaye hajawahi kulipa kodi ya nyumba. Wanaona saruji.

Na siku hizi si Wazungu peke yao. Napokea mafrateri, yaani vijana wanaosomea upadre, kutoka India na Kongo, masista kutoka Kenya, walei wa kujitolea wanaokuja mwaka mmoja au miwili. Mkongo anadhani kwa kuwa ni Mwafrika mwenzetu atapona kuombwa. Haponi. Akishavaa kanzu na kupewa funguo za pikipiki ya parokia, naye ni mfadhili.

Kwanza niseme habari ya karatasi, kwa kuwa zinahusiana na haya. Kijana wa namna hii anaishi nchini kwa kibali cha ukaazi Daraja C, ambacho ndicho cha wamisionari, wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Daraja A ni la wawekezaji, B la walioajiriwa. Maana yake ni kwamba huyu hakuja kutafuta mshahara. Nawaambia wanakamati waliseme hilo wazi siku ya kumtambulisha kanisani, kwa sababu wapo wanaodhani analipwa na Papa. Halafu, kabla hajaanza kuzunguka vijijini, katekista ampeleke kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, wamjue kwa sura. Ni kazi ya asubuhi moja tu, lakini inaokoa maswali ya mwaka mzima.

Sasa siku yenyewe. Anaamka saa kumi na moja, masifu ya asubuhi, misa saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu. Chai ni maandazi au viazi vitamu. Kama ni mwezi Julai anatetemeka, kwa kuwa huko kwao aliambiwa Afrika ni joto na hakuna aliyemkumbusha kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi ya kutafuta blanketi la pili. Kama ni siku ya mgao wa maji, anajaza ndoo na madumu kabla ya chai. Haya yote anayamudu ndani ya mwezi. Mlenda kidogo unachukua muda, na mkono wake unaanza kwa kuuogopa, lakini nimeona wengi wakirudi kwao wakiulizia ule mkavu wa kufunga kwenye begi.

Saa tatu anatoka na katekista kwenda kigangoni, kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia. Hapa ndipo Kiswahili alichojifunza shule ya lugha ya Makoko kule Musoma, au Morogoro kwa Walutheri, kinapokutana na wazee wanaoongea Kigogo asubuhi hadi jioni. Anajua kusema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kupokea makofi, baada ya hapo anamtegemea mwalimu, yaani katekista. Wanatembelea wagonjwa, wanapanga mafundisho ya kipaimara, wanaangalia darasa la chekechea ambalo paa lake limeng'oka upande. Na karibu kila mahali, wakati wa kuagana, mtu mmoja atamvuta pembeni: "Frateri, nina shida kidogo."

Shida hizo zina majira yake, na anayezijua hasumbuki kama asiyezijua. Januari ni shule. Ada ya shule za serikali iliondolewa, ya msingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari hadi kidato cha nne tangu 2016, kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na nauli havikuondolewa. Februari na Machi ni chakula. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili kwenye mwaka mzuri, na ghala la mtama na uwele linakauka kabla mavuno mapya hayajakomaa. Mtu anayekuomba debe moja mwezi huo hakuzoea kuomba, ameishiwa kweli. Mavuno yakishaingia, maombi yanageuka: michango ya harusi, ubarikio, kipaimara, kuezeka. Septemba na kuendelea ni maji na hospitali. Kijana anayefika Januari anapigwa na wimbi lote kabla hajajua barabara ya kwenda Majengo sokoni, kwa hiyo nawaomba mashirika, inapowezekana, wawalete Juni.

Simu ndiyo imeharibu zaidi. Namba yake ikishaandikwa kwenye ubao wa matangazo, inasambaa hadi Kondoa. Ujumbe unaanza na Tumsifu Yesu Kristo na kuishia na "tuma na ya kutolea". Mimi naelekeza kwamba namba ya ofisi iwe moja na ya kwake iwe nyingine, na ile ya ofisi isiwe na akaunti ya fedha kabisa. Wanaosema huo ni ukatili hawajamwona kijana wa watu akiamka saa tisa usiku kuhesabu amebakiwa na nini.

Utaratibu ninaousimamia ni wa jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele miaka ya 1970, na kwa maoni yangu hakuna chombo kinachomfaa mmisionari kijana kuliko hicho. Nyumba kama kumi na tano zinasali pamoja kila wiki, leo kwa mama huyu, wiki ijayo kwa mzee yule. Wanajuana. Wanajua nani kafiwa, nani kauza mbuzi jana, nani ana mtoto Dar es Salaam anayetuma fedha kila mwezi. Mwenye shida anaanzia huko; mwenyekiti wa jumuiya anaandika barua; barua inakwenda kwa kamati ya huruma ya parokia; kamati inatoa kidogo ilichonacho, na kama mmisionari ana chochote cha kutoa, kinaingia kwenye kapu la kamati bila jina. Kwa hiyo anapovutwa pembeni jibu lake ni moja: "Mama, umeshaongea na jumuiya?" Asiongeze neno. Akianza kueleza, ameshaahidi.

Barua inachelewa, najua. Ndiyo maana nina ruhusa moja ambayo haina kamati wala barua: mgonjwa wa usiku. Mama mwenye uchungu, mtoto mwenye degedege, mtu aliyeng'atwa na nyoka, hao wanapelekwa kwanza, bodaboda au gari inalipwa, maswali kesho.

Yeye mwenyewe anapangiwa jumuiya kama muumini mwingine, na huko anatoa mchango ule ule wa wenzake, anapanga viti, zamu yake ikifika anakaribisha sala kwake. Hapa wenyeji ndio wanaoharibu. Wanamtengea kiti chenye mto, wanamfungulia soda, wanamwombea asilipe. Mkimkalisha kwenye kiti cha mfadhili, msishangae mkimdai ufadhili.

Mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi, hakuna kinachoendelea. Joto limesimama, vijiji vimelala, hata kuku wako chini ya gari. Muda huu ndio unaowavunja wengi kwa upweke, na upweke ni ndugu wa kutoa ovyo: anayetoa anashukuriwa, na anayeshukuriwa anajisikia ana kazi. Kwa hiyo mpeni kazi. Kompyuta ya ofisi ya parokia ina vitabu vya ubatizo vinavyosubiri kuingizwa. Kuna watoto wa kidato cha pili wanaohangaika na hisabati. Sista mmoja nilimweka kwenye shamba la zabibu la parokia, akajifunza kupogolea kwa mzee ambaye hakuwahi kumwomba hata kiberiti, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Jioni ni kwaya. Kama parokia ina kwaya inayoimba kwa nyimbo za asili ya Kigogo, zeze na marimba, akina mama na ngoma za muheme, akae huko hata kama hajui kuimba. Atachekwa, atafundishwa, na kwa saa mbili hakuna atakayekumbuka mfuko wake.

Msiba nao una siku zake bila kualika. Mkitandaziwa turubai, ratiba yote inakufa, na kijana aliyezoea kalenda anataabika. Anakwenda, anakaa na wanaume nje, hana la kusema na hatakiwi kulisema. Lakini kuna daftari la rambirambi. Majina yanaandikwa na kiasi, na mahali pengi yanasomwa. Majirani wametoa 2,000, wenye uwezo 5,000, labda mwenye duka 10,000. Mgeni akitoa laki moja kwa huruma, ameiweka familia ile kwenye deni, maana rambirambi inarudishwa siku mwenzako anapofikwa. Watamrudishia lini, na wapi? Namwambia atoe kama jirani wa kawaida, kisha abaki mpaka kaburini na siku ya tatu arudi tena. Kurudi kwake ndiko kunakohesabiwa.

Jumapili naiogopa kuliko siku zote kwa sababu ya mnada. Wasioujua: waumini wa vijijini hutoa sadaka ya mazao, na baada ya misa vitu hivyo vinanadiwa nje ya kanisa, fedha inaingia parokiani. Kuku, trei la mayai, karanga kwenye kisado, boga, wakati mwingine mbuzi. Mnadi ni mtu mwenye maneno, watu wanacheka, wanapandiana kwa 500 au 1,000, na kuku wa 15,000 akifika 20,000 kuna vigelegele. Frateri mmoja, mgeni wa wiki mbili, alimpenda jogoo mweupe. Mzee mmoja akasema 16,000, yeye akasema 50,000. Watu walishangilia kweli, mnadi akamrusha jogoo hewani. Jumapili iliyofuata mnadi hakuangalia watu wengine tena. Alimkazia macho Frateri, na wale wazee waliokuwa wakishindana kwa utani wakasimama pembeni mikono nyuma, kama waliokuja kuangalia. Mapato ya mnada yalishuka, sadaka ya mayai ikashuka nayo. Kwa nini mtu alete mayai sita wakati Frateri yupo? Ilibidi paroko amkataze kununua kwa muda, na yule mzee aliyetaja 16,000 aombwe aanzishe yeye kutaja bei.

Ndiyo maana mkija kwangu na orodha ya kigango, bati 80, saruji mifuko 40, mkasema "tumpe kijana aandike kwao", nauliza kwanza tegemeza, yaani michango ya waumini wenyewe ya kulitegemeza kanisa lao, imefika wapi, na kila jumuiya imeleta mawe na mchanga kiasi gani. Mradi ulioanza na mawe ya watu wenyewe, akiandika kwao nitamsaidia kutafsiri. Ulioanza na barua pepe yake utasimama siku anapopanda treni.

Na treni sasa ni ya haraka. Tangu SGR, reli mpya ya kisasa, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kijana anaaga asubuhi na mchana yuko Dar es Salaam, hakuna tena ile siku nzima ya basi ya watu kumsindikiza taratibu. Kuaga kuandaliwe mapema. Miezi mitatu kabla, kila mtoto anayemlipia chochote aandikwe kwenye kamati, na wazazi waambiwe mbele ya mwenyekiti wa jumuiya kwamba mwisho ni lini na nani anaendelea, kama yupo. Namba ya simu ifungwe. Pikipiki haihitaji mjadala, kadi yake ikiwa imeandikwa jina la parokia tangu siku iliyonunuliwa.