Moto Hauui Kisicho Hai

Juzi imetokea tena. Nilikuwa kwenye mwalo mmoja wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, na kreti yangu ya chupa za sampuli. Maji ya pembeni yalikuwa kama mtu kamwaga ndoo ya rangi ya mafuta: kijani kizito, kinang'aa, kinanuka kama majani yaliyooza kwenye gunia. Mama mmoja alikuwa anausukuma utando kwa kiganja, kulia, kushoto, apate uwazi wa kuzamisha ndoo. Nikamsalimia, shikamoo, marahaba, nikamuuliza maji ni ya kazi gani.

"Ya kunywa, mwanangu. Usihofu, nachemsha."

Simlaumu yeye. Neno hilohilo nimelisikia kwa watu wenye stashahada. Nimelisikia kwenye mkutano wa kijiji kutoka kwa mtu aliyetumwa kuelimisha wenzake. Nilipoinua mkono kusema kuchemsha hakutoshi, nikaambiwa natisha wananchi. Nikakaa. Sasa nimechoka kukaa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana vurugu inaanzia hapo. Wengi tunaita ule ukijani mwani. Mwani ni ule wanaolima akina mama wa Paje, Zanzibar. Huu wa ziwani ni sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia jua kama mmea. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ukimwambia mtu "ni bakteria" anajibu papo hapo: basi chemsha, watakufa. Ni kweli, watakufa. Shida ni wanachokiacha wakifa.

Moto unaua kilicho hai. Kipindupindu, taifodi, amiba, vyote havivumilii maji yanayotokota, na kwa hilo sina ubishi na mtu. Mikrosistini, sumu wanayoiacha sianobakteria hawa, haiko kwenye orodha hiyo. Ni kemikali: asidi amino saba zilizoshikana kama pete, na pete hiyo haijali sufuria yako. Ichemshe dakika moja au dakika ishirini, itakaa palepale ikusubiri. Ikiingia mwilini inakimbilia ini.

Tena kuna kibaya zaidi. Sianobakteria akiwa mzima, sehemu kubwa ya sumu hiyo imo ndani ya seli yake. Inayoelea majini huru kwa kawaida ni kidogo. Sasa tazama ninavyofanya mimi kazini. Nikitaka kujua chupa yangu ina sumu kiasi gani, kitu cha kwanza ni kuzipasua seli, kwa sababu kipimo hakioni kilichofungiwa ndani. Naigandisha sampuli kwenye friza, naiyeyusha, naigandisha tena. Mara tatu. Ziko maabara zinazotumia maji yanayochemka kwa kazi hiyohiyo, kwa vile joto linapasua seli na sumu inabaki salama salimini. Soma tena hapo. Kinachofanyika jikoni kwa nia ya kuondoa sumu ndicho kinachofanyika maabara kwa nia ya kuitoa yote. Halafu ongeza mvuke: ndoo ya lita kumi ikitokota mpaka zikabaki tisa, sumu ni ileile, maji yamepungua. Umeyakoleza.

Mwaka 2014, mwezi wa Agosti, mji wa Toledo kule Marekani uliamka na mikrosistini kwenye bomba, maji yametoka Ziwa Erie. Watu zaidi ya laki nne waliambiwa wasinywe kwa siku kama tatu, na tangazo lilisema waziwazi: msichemshe. Na hao wana mtambo wa kusafishia maji wa kisasa. Huku kwetu nasikia "chemsha tu" hadi leo.

Najua swali linalofuata, kwa hiyo ngoja nilijibu kabla: na ile dawa ya klorini? Hapa ndipo ninapogombana hata na wenzangu wa fani, kwa sababu jibu ni ndiyo na hapana, na kila mtu anachukua nusu anayoipenda. Klorini inaweza kuivunja mikrosistini. Mitambo ya maji inategemea hilo. Lakini mtambo kwanza unaweka shabu, seli zinagandamana na kuzama zikiwa nzima, maji yanapita kwenye mchanga, ndipo klorini inaingia kwenye maji meupe na kupewa muda wa kutosha, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa chini ya 8. Chukua ndoo ya kijani. Kwanza dawa yote inaliwa na ule uchafu wenyewe kabla haijafika kwenye sumu. Pili, inapasua seli, kwa hiyo sumu inamwagika. Tatu, na hili hakuna anayelisema, ukijani ukiwa umepamba moto mchana, unavuta kabonidioksidi majini mpaka pH inapanda kupita 9, na klorini kwenye pH hiyo ni mzee aliyechoka. Mtu anatia vidonge viwili badala ya kimoja, anasikia harufu kali, anaridhika.

Sasa naomba nisinukuliwe vibaya, maana imewahi kunitokea na ilinigharimu usingizi. SIJASEMA MSICHEMSHE. Hili ndilo fundo ambalo sijalifungua hata mwenyewe. Kando ya ziwa hili kipindupindu kinaua mtu kwa siku moja. Mikrosistini ya kwenye ndoo, kwa viwango tunavyokuta mara nyingi, inaumiza polepole, miaka, na hatuna takwimu nzuri za maini ya watu wa mialoni kusema ni kwa kiasi gani. Nikisimama kwenye mkutano nikasema "kuchemsha hakusaidii," watu watasikia maneno hayo mawili tu, wataacha kuni, na wiki inayofuata nitakuwa nimewaua watoto kwa kuharisha. Ndiyo maana wakati mwingine yule mwelimishaji namwelewa. Lakini kumwelewa si kukubaliana naye. Sentensi sahihi ni ndefu kidogo tu: chagua maji kwanza, chuja, kisha chemsha. Kuchemsha ni hatua ya mwisho. Hakugeuzi maji ya kijani kuwa maji.

Kiasi gani ni hatari? Shirika la Afya Duniani linasema mikrogramu 1 kwa lita kwa mtu anayekunywa kila siku maisha yake yote, na 12 kwa muda mfupi. Mikrogramu 1 kwa lita ni gramu moja ndani ya maboza mia moja ya lita elfu kumi kumi. Watu wakinisikia wanashtuka, halafu wananiuliza mbona hawajafa. Hawajafa kwa sababu kikomo hicho kimewekwa kwa tahadhari kubwa, na kwa sababu tumbo si mshipa. Vifo vinavyotajwa kila mahali, zaidi ya hamsini, vya Caruaru nchini Brazili mwaka 1996, vilikuwa vya wagonjwa wa figo ambao maji yale yaliingia moja kwa moja kwenye damu kupitia mashine. Wanaotumia kisa hicho kutisha watu wasioge ziwani wanaudhi sawasawa na wale wa "chemsha tu."

Na kipimo changu nacho nisikitukuze. Sampuli moja inaeleza mahali pamoja kwa saa moja. Hawa viumbe wana vifuko vya gesi, wanapanda na kushuka. Usiku ukiwa shwari wanaelea juu, kwa hiyo alfajiri, saa ileile ambayo wanawake wanateka maji, utando ndio mzito kuliko wote. Upepo ukiamka unawakusanya ufuo mmoja na kuuacha mwingine mweupe. Nimewahi kupima nikapata karibu na sifuri, nikatembea hatua mia mbili nikapata kitu ambacho nilirudia kupima nikidhani nimekosea. Halafu kwa macho, hata kwa darubini, siwezi kukuambia Microcystis huyu (mmoja wa sianobakteria hawa) ana sumu na yule hana. Wapo wenye jeni na wasio nazo, wanafanana kama mapacha.

Samaki. Kila wanapoelea wamekufa, simu ya kwanza ninayopigiwa ni "kuna mtu kamwaga sumu." Inawezekana, wavuvi wa sumu wapo na tunawajua. Ila mara nyingi aliyekosekana ni hewa. Mchana ukijani unatoa oksijeni hadi inazidi. Usiku unaivuta, na ukianza kufa na kuoza ndio kabisa. Upepo mkali nao unaweza kuyapandisha maji ya chini yasiyo na hewa. Uliza vitu viwili: wamekufa alfajiri? Na kamongo je? Kamongo anapumua hewa ya juu. Ukikuta sangara wametapakaa na kamongo hana habari, usianze kumtafuta mchawi. Wenye vizimba vya kufugia samaki ziwani ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia.

Dagaa ni habari nyingine, na naiandika kwa woga kwa sababu nusu ya mkoa unaishi kwa dagaa, mimi nikiwemo. Sangara au sato unamtoa utumbo na ini, na humo ndimo sumu inapokaa zaidi kuliko kwenye minofu. Dagaa tunamla mzima, na tumbo lake. Watafiti waliopima dagaa wa Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, walikuta mikrosistini ndani yao. Ghuba ile ni ya kina kifupi, imejifungia, inapumulia ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga, kwa hiyo si kipimo cha ziwa zima. Je, niache dagaa? Sijaacha. Mtoto mdogo anayelishwa uji wa unga wa dagaa kila siku, na dagaa wenyewe wamevuliwa ghubani kipindi cha ukijani? Huyo ananipa mawazo.

Wanyama. Mbwa anayeoga kwenye utando kisha akajilamba yuko hatarini kuliko wewe. Mbuzi na ng'ombe hawachagui. Kuhusu wale tembo zaidi ya 300 waliokufa Botswana mwaka 2020, serikali yao ilisema ni sumu ya sianobakteria kwenye mabwawa. Kwa fani yangu hiyo ni habari ya kuninufaisha, ningeweza kuitumia kuombea fedha. Lakini sampuli zilikuwa chache na zilichelewa, na sijaridhika na maelezo ya kwa nini tembo na si fisi au tai waliowala. Heroe nao: walipokufa kwa wingi kwenye maziwa ya Manyara na Momella mwaka 2004, sianobakteria walishukiwa. Na hapohapo chakula cha kila siku cha heroe wadogo (jina la aina, si vifaranga) ni Arthrospira, sianobakteria pia, ndiye anayesaidia kuwapa ile rangi ya waridi. Ndiyo huyohuyo mnayeuziwa kwenye makopo kwa jina la spirulina. Kwa hiyo wa kijani si wote wabaya, na anayekuambia ni wote, au hakuna, mwambie arudi darasani.

Chanzo? Fosforasi na naitrojeni. Vyoo vya miji, udongo wa mashamba, mbolea, moshi wa mashamba yanayochomwa unaorudi na mvua, mafunjo yaliyofyekwa ukingoni. Hayo yanaandikwa kila mwaka kwenye ripoti, sina la kuongeza.

Turudi kwa mama. Akaniuliza swali ambalo wenye vyeti hawaniulizi: "Sasa nichote wapi?" Nikamwambia maji ya mvua kama yapo. Kama hayapo, asogee upande ambao upepo unatokea, mbali na utando. Au achimbe mchangani hatua kadhaa kutoka ukingoni, maji yajitokeze polepole; mchanga unazikamata seli zikiwa nzima, na sumu huru nayo hupungua. Ayaache yatulie, ayachuje, ndipo achemshe.

Akacheka. "Shimo? Hivyo ndivyo alivyokuwa akichota bibi yangu."

"Mbona mliacha?"

"Tuliambiwa maji ya shimo machafu. Bora ya ziwani, tuchemshe."

Na aliyewaambia hakukosea kabisa: shimo lililo karibu na choo, au linalonywewa na ng'ombe, ni balaa lake lenyewe. Sikubishana. Tukatafuta mahali upande upepo unakotokea, mbali na njia ya mifugo, tukachimba kwa sufuria yake. Nilipoondoka nilikuwa na chupa mbili, moja ya shimo na moja ya pale alipokuwa akisukuma utando kwa kiganja. Ziko kwenye friza, mzunguko wa pili.