Masta ya mahusiano ya watu kwa mtandao: niliyoyakuta nikisomea Uyole

Msimu wa udahili ukianza, simu yangu haitulii. Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja wa Ipogolo, Iringa. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja: "Kaka, nimeona tangazo. Masta ya mahusiano ya watu, unasoma mtandaoni, miezi tisa umemaliza. Nilipe?" Nikamwuliza anafanya kazi wapi. Akasema bado yuko nyumbani, anasaka ajira. Nikamwambia asilipe kwanza. Nilimsikia akinuna. Salio lake likaisha kabla sijafika kwenye sababu, kwa hiyo naziandika hapa.

Mimi ni mshauri wa mahusiano kazini. Nilianza kama afisa utumishi kwenye mashamba ya chai Rungwe, nikahamia kiwandani Mbeya mjini, na katikati ya hayo nikasoma shahada hiyo hiyo anayoulizia kijana wangu, katika chuo kimoja cha Marekani, nikiwa nyumbani Uyole, hapa hapa Mbeya, bila kuvuka hata mpaka wa Tunduma.

Kwanza jina lenyewe. Huku kwetu ukisema "mahusiano ya watu" mwajiri anasikia rasilimali watu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Usimamizi wa rasilimali watu ni ajira, mishahara, likizo, mafaili na upimaji wa utendaji. Mahusiano kazini ni sheria, vyama vya wafanyakazi, mikataba ya hali bora na migogoro. Mahusiano ya watu ni uwanja mwingine, ingawa una mlango kwa hao wote wawili: unasoma saikolojia ya vikundi, ushauri nasaha, ubaguzi unavyoota mizizi, uongozi, na namna watu wanavyogombana na kupatana, iwe kiwandani, shuleni, wodini au kwenye kwaya. Pale Chuo Kikuu cha Oklahoma, kwa mfano, ni idara kamili, na mwanzilishi wake ni George Henderson, profesa Mweusi aliyefika pale 1967, Marekani ikiwa bado inatokota kwa madai ya haki za raia. Ukijua hilo unaelewa kwa nini nusu ya masomo inazungumzia watu wa rangi na tabaka tofauti kuishi pamoja, na si namna ya kujaza fomu za likizo.

Kwa hiyo kama tangazo la kazi limeandika "shahada ya uzamili ya rasilimali watu", usije ukashangaa ukiachwa. Chuo Kikuu Huria, ambacho sheria yake ilipitishwa 1992, kina vituo Mbeya na Iringa, na Mzumbe wana ndaki hapa hapa Mbeya. Anayetaka kupanda cheo cha utumishi serikalini angeanza kuuliza huko.

Kuna kingine ambacho profesa wa Marekani hatakufundisha. Kule sehemu kubwa ya wafanyakazi wanaweza kuachishwa bila mwajiri kutoa sababu. Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, kifungu cha 37, inamdai mwajiri sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Aliyeachishwa ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilisoma wiki nzima juu ya "mazungumzo magumu na mfanyakazi anayeondoka" na hakuna mahali palipotajwa kikao cha nidhamu. Ukibeba mfano ule mzima mzima ukautumia kwenye viwanda vya Iyunga hapa Mbeya, utaitwa CMA na utalipa.

Haya, kusoma kwenyewe.

Semina yetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni ya kule katikati ya Marekani. Kwa Uyole ni saa tisa usiku. Unaamka, unajifunga blanketi, unatia mkaa kwenye jiko kwa sababu baridi ya Uyole haina huruma na msomi, unaomba umeme usikatike. Mkutano wa video wa watu wengi unaweza kula zaidi ya GB 1 kwa saa, kwa hiyo kamera nilikuwa naiwasha wakati wa kuongea tu. Wenzangu walidhani ni aibu. Ilikuwa bando.

Kosa langu kubwa lilikuwa la saa. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi kitu. Sikulijua hilo. Usiku wa semina yangu ya kuwasilisha niliamka saa tisa kasoro kama kawaida, mvua inapiga bati, nikafungua kompyuta nikakuta watu wanapungiana mikono ya kwaheri. Semina ilikuwa imeanza saa nane. Alama za uwasilishaji zilikwenda, na kanuni ya kozi haikuwa na kipengele cha mtu wa Mbeya. Mpaka leo kalenda yangu ina alama nyekundu mbili: Machi na Novemba, wanaporudisha. Tofauti hiyo ya saa ina neema yake pia. Kazi za wiki zilifungwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku ya kwao, maana yake Jumatatu saa tatu kasoro dakika moja asubuhi kwangu. Nilikuwa na usiku mzima wa ziada na sikumwambia mtu.

Uti wa mgongo wa kozi hizi si semina bali ubao wa mijadala. Kila wiki unaandika hoja yako, kisha unawajibu wenzako wawili. Ukiandika "nakubaliana nawe, umeandika vizuri" hupati kitu. Mwalimu anataka uongeze jambo kutoka mahali ulipo. Hapa ndipo aliyeko kazini anamwacha mbali asiye na kazi. Wiki ya kwanza tulisoma Hawthorne, kile kiwanda cha Western Electric kule Cicero, jirani na Chicago, ambako majaribio yalifanyika kuanzia 1924 hadi 1932 na Elton Mayo wa Harvard akayapa umaarufu. Hadithi inayofundishwa inajulikana: wanawake wanaounganisha rilei, yaani swichi ndogo za mitambo ya simu, wakatengewa chumba chao, wakabadilishiwa muda wa kupumzika na saa za kazi, uzalishaji ukapanda, na hata walipoondolewa nafuu zile haukuanguka kama ilivyotarajiwa. Eti kwa sababu walijaliwa na kusikilizwa.

Nilipoisoma mara ya pili nikakuta kitu kilichonichekesha kwa uchungu. Januari 1928 wanawake wawili kati ya wale walitolewa chumbani na nafasi zao wakapewa wengine. Kosa lao kubwa lilikuwa kuongea sana. Tena malipo yao yalikuwa yamebadilishwa, kila mmoja akilipwa kwa jasho la kikundi kidogo badala ya jasho la idara nzima. Niliandika ubaoni kwamba nyapara yeyote wa Rungwe angekuambia uzalishaji ulipanda kwa nini: umewaondoa wasemaji na umewapa waliobaki sababu ya kuhesabu. Mwanafunzi mwenzangu, muuguzi wa Texas, akanijibu kwa aya tatu. Ndiyo siku niliyojiona niko darasani.

Baadaye nilijaribu kuwaeleza neno la bibi yangu wa Tukuyu: ukwangala. Kwa Wanyakyusa ni kukaa na wenzako wa rika, kula pamoja, kucheka, kupiga soga mpaka mtu anajulikana alivyo. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliokaa Rungwe miaka ya 1930, waliliona likiwa moyo wa vijiji vile vya marika. Profesa akaniuliza kama mtu anaweza kufanya ukwangala kwenye skrini. Nilimjibu sidhani, na bado sidhani. Unasoma somo la watu ukiwa peke yako chumbani na jiko la mkaa. Usipokuwa na watu wa kurudi kwao asubuhi, unabaki na maneno.

Sasa karatasi, maana wengi wanaumia hapa. Kabla ya kulipa hata senti, angalia kama chuo kimeidhinishwa kwao. Kwa Marekani, Wizara yao ya Elimu ina orodha iliyo wazi mtandaoni. Kisha waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa sababu ndio wanaotambua shahada za nje na bila barua yao cheti chako hapa ni picha ya ukutani. Waulize kabla, kwa maandishi, na utaje wazi kwamba ni masomo ya mtandaoni. Miezi tisa ya lile tangazo ilinitia shaka, maana mimi nilisoma miaka miwili.

Halafu kuna suala la krediti. Transkripti yangu inasema 36. Ofisi moja niliyopeleka maombi iliniambia kwa upole kwamba masta inatakiwa iwe na krediti 180, kwa hiyo mimi nina cheti tu. Nilikaa na yule dada wa ofisini nikamchorea kwenye karatasi. Krediti yetu ni saa 10 za kujifunza. 180 ni saa 1,800. Krediti ya Marekani ni saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15, yaani saa 45. Mara 36 ni 1,620. Vipimo viwili tofauti, mzigo unaokaribiana. Alielewa, lakini faili lilikuwa limeshapita. Nikupe ushauri: chora hesabu hiyo mwenyewe na uiambatanishe.

Tasnifu ndiyo iliyonifundisha zaidi, na sehemu kubwa yake ilikuwa kupanga foleni. Kibali cha utafiti COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kijiji, meneja wa shamba. Upande wa pili kamati ya maadili ya chuo ilitaka kila mchuma chai nitakayemhoji asaini fomu ya kurasa mbili kuonyesha ameridhia.

Mama wa kwanza niliyemfuata alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara ya shamba, tenga limelala pembeni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Nilimsalimu, "Ugonile, mama," akaitikia vizuri, akanipisha nikae. Nilipotoa fomu na kalamu uso ukafunga.

"Mwanangu, nikishaandika jina langu hapo, kesho nitaambiwa nilikubali nini?"

Nikamweleza ni ya kumlinda yeye. Akasema karatasi aliyosaini mara ya mwisho ilikuwa ya mkopo wa mbolea, na ya kabla ya hiyo ilikuwa ya kuachishwa kazi. Akanirudishia kalamu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Siku ile nilipata saini sifuri.

Nilirudi kwa supavaiza wangu nikijua nimekwama. Kumbe kanuni za Marekani zenyewe zina mlango. Kifungu cha 46.117 cha kanuni zao za kulinda wanaofanyiwa utafiti, kama zilivyorekebishwa na kuanza kufuatwa 2019, kinaruhusu kamati iondoe sharti la saini pale ambapo kusaini fomu si desturi ya jamii husika, mradi hatari ni ndogo na kuna njia nyingine ya kuonyesha mtu ameridhia. Niliandika ombi la kurasa nne. Wiki tano baadaye nikaruhusiwa kupokea ridhaa kwa mdomo, shahidi akiwa mtu wanayemchagua wenyewe. Yule mama akamchagua shemeji yake, na tukaongea saa mbili.

Nilikuwa nimejiandaa kuulizia mshahara. Wao walitaka kuongelea mzani. Karani anapima majani mabichi, sura ya mzani inamtazama yeye, anataja kilo, anaandika. Mchumaji haoni namba. Kila siku ya Mungu anabeba mgongoni kitu asichokijua uzito wake mpaka mtu mwingine amtajie. Wengine walisema wanaibiwa, wengine walisema karani ni mtu mwema. Wote walisema hawajui, na kutojua ndiko kulikozaa ugomvi wa foleni niliokuwa nikiletewa ofisini miaka yote kama "utovu wa nidhamu". Mimi mwenyewe nilishawaandikia barua za onyo kwa ugomvi huo. Hilo liko kwenye tasnifu, ukurasa wa kwanza wa sura ya nne, na sikuliandika kwa raha.

Meneja alisoma muhtasari, akanyamaza, akaagiza meza igeuzwe ili sura ya mzani iwaelekee walio kwenye foleni. Kazi ya dakika kumi na vijana wawili.

Nilipopita tena mwezi uliofuata yule mama alinitambua toka mbali. Akanishukuru, ndaga fijo, kisha akauliza kama kweli nilisoma usiku miaka miwili mizima ili mzani ugeuzwe. Nikasema ndiyo, mama, karibu hivyo. Akacheka mpaka shemeji yake akageuka kutazama kuna nini. Halafu akanisogeza kando ya foleni, akashusha sauti: namba sasa anaiona, lakini mvua ikinyesha karani anakata kilo za maji kabla ya kuandika, na anakata kwa macho. Anataka kujua hizo zinapimwa na nani.