Ukaazi wa kodi ni nini, kwa anayehamia nje na kazi yake ya mtandaoni

Ukaazi wa kodi ni hali inayoipa nchi haki ya kukutoza kodi kwa mapato yako ya dunia nzima, si yale ya ndani tu. Usiuchanganye na viza au kibali cha ukaazi. Hati hizo hutolewa na Uhamiaji. Ukaazi wa kodi hupimwa na mamlaka ya mapato, kwa siku na kwa makazi.

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004, mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba. Ukiwa nchini siku 183 au zaidi, hata kwa vipande vipande, wewe ni mkaazi. Zikipungua, unaangaliwa mwaka huo pamoja na miwili iliyotangulia: wastani ukizidi siku 122, bado u mkaazi. Lakini kinachonasa wengi ni makazi ya kudumu. Ukiwa nayo Tanzania, na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, inatosha.

Chukua mtengeneza programu wa Uyole, Mbeya, aliyeajiriwa na kampuni ya Ujerumani. Tarehe 1 Juni 2025 anavuka Tunduma, anapanga Lusaka, anarudi 1 Desemba. Nchini amekaa siku 151 kabla ya safari na 31 baadaye: 182. Anadhani ameponea siku moja. Nyumba ya Uyole je, yenye mke na watoto ndani? Bado ni mkaazi. Huko Zambia nako amefikisha siku 183, na wao pia wana kipimo hicho.

Kosa jingine ni kusema, "Mwajiri yuko Ujerumani, mshahara si wa Tanzania." Kisheria, chanzo cha mshahara ni pale kazi inapofanyikia. Miezi aliyofanya kazi akiwa Uyole ni mapato ya Tanzania, hata kama fedha zinaingia benki ya Frankfurt.

Mwajiri wa nje asiye na ofisi hapa hakati kodi ya mshahara kwa niaba yako. Kwa hiyo unapeleka makadirio TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mwenyewe na kulipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi yako, inafuata ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Ukichelewa, kuna riba na adhabu.

Kodi uliyolipa nje hupunguzwa kwenye ya hapa, ila hadi kiwango cha kodi ya Tanzania kwa mapato hayohayo, si zaidi. Hapa unadaiwa Sh 1,200,000 na kule umelipa 900,000? Unaongeza 300,000. Kule ulilipa 1,500,000? Ile 300,000 ya ziada hurudishiwi taslimu. Tunza risiti ya mamlaka ya kodi ya nchi ile, kwa sababu hati ya mshahara inaonyesha makato tu, haithibitishi kwamba fedha zilifika serikalini.

Zambia ina mkataba na Tanzania wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, sawa na Afrika Kusini, India, Canada, Italia, Denmark, Finland, Norwei na Sweden. Ujerumani na Uingereza hazimo. Ukienda huko, nchi mbili zikikudai kwa pamoja hakuna mkataba wa kuamua wewe ni mkaazi wa wapi. Unabaki na punguzo hilo na risiti zako.